Mwamba Uliojaa Majibu

Syombua alikuwa akipepeta mbaazi uani kwake, nje kidogo ya soko la Kanyangi, mgeni alipotokea kwenye ua wa katani na kuuliza kama angeweza kupima mawe chini ya shamba lake. Mgeni huyo, kijana mrefu wa kutoka Wajir, aliitwa Hared. Alisomea mawe chuo kikuu, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Gari lake lilikuwa limekwama kwenye mchanga wa mto mkavu. Watu aliowaomba walisukume walikaa ukingoni wakalitazama likizidi kuzama.

Syombua hakumpa kiti. Aliendelea kupepeta, na makapi yakamwangukia mgeni usoni.

Jirani yake Muli alikuja kwa sababu habari ilikuwa imeshafika sokoni.

"Ni wewe unatafuta shimo la kuzika moshi?"

"Si shimo, mzee. Ni mwamba. Wa chini uwe na matundu kama mandazi, na wa juu uwe mgumu wa kuufunika. Hewa chafu ya viwanda itasukumwa humo, haitatoka tena. Itasaidia dunia nzima."

Hared aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

"Yaani wao huko wajambe," Muli alisema, "sisi hapa tukalie."

Hared akauliza chini ya shamba lile kulikuwa na nini.

"Mavia."

Hared aliinua kiatu na kutazama soli.

"Mawe, bwana. Kwa Kikamba mavia ni mawe. Hayo unayofikiria ndiyo mnatuletea nyinyi."

Hata hivyo Hared alipima, kwa kuwa alikuwa na ruhusa ya serikali. Vitabu vilisema miamba ya Kitui ni migumu, haina nafasi ya kuweka chochote. Lakini vyombo vilionyesha kwamba chini ya kila kichuguu palikuwa na matundu mengi yaliyounganika, na ndani ya matundu hayo mlikuwa na kitu ambacho hakikuwa maji wala mchanga. Hared alichora ramani ya alichokiona. Kesho yake alirudi na mashine ya kuchimba, akiandamana na Mulei, naibu wa chifu, mtu wa kofia ya kaki aliyependa kusimama kivulini.

Watu wa huko, mtu akitukanwa na mkubwa naye hawezi kujibu, hujibu baadaye. Huenda kwenye kichuguu, akainama, akasema jibu lake ndani ya tundu, kisha akaziba kwa jiwe. Walianza zamani, mkoloni alipowalazimisha kuchimba matuta, na tangu Uhuru hawajapata sababu ya kuacha. Majibu hushuka mpaka kwenye mwamba, yakakaa.

Mashine ilipotoboa, sauti ya kwanza ilikuwa ya mzee.

"Na matuta ya kwenu Ulaya, bwana mkubwa, yalichimbwa na nani?"

Wafanyakazi walisogeza miguu kuyapisha majibu mengine. Sauti ya mwanamke ikafuata: "Mulei, yule ng'ombe uliyemchukua kwa kodi ulimchinja kwenye harusi ya mwanao. Nilialikwa. Nilikula nyama ya ng'ombe wangu, na nikakushukuru."

Mulei alisikiliza hadi mwisho, kijiti kikiwa kati ya meno.

"Huyo ni Kalunde," alisema. "Alikufa. Endelea na kazi."

Yalitoka mengine, mengi yakimtaja Mulei kwa jina, na kila moja lilisikika mara moja tu, likapotea juu ya mibono. Muli alitambua lake. Alisema halikuwa limechacha hata kidogo.

Alasiri mashine ilisogezwa kuelekea kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko la Syombua. Walimkuta amekalia jiwe lake.

"Mama, naomba upishe," Hared alisema.

"Kijana, hapa kuna langu. Mwaka wa njaa, ule wa themanini na nne, Mulei alikuwa akigawa mahindi ya manjano. Alinitoa kwenye foleni. Alisema mahindi ni ya waliochangia harambee, na mimi mbuzi nilikuwa nimemnyima. Nilikuwa na watoto wawili. Kama ningemjibu, angetunyima milele. Nikanyamaza. Baadaye alinipa debe moja, mwanangu Nzilani akiwa ameshazikwa."

Mulei, pale kivulini, aliangalia saa yake.

"Kesi yangu na Mulei iko Kitui," Syombua aliendelea. "Kila nikienda, hakimu amehamishwa. Jibu likitoka hewani mara moja limekwisha, umesikia mwenyewe. Langu nalihitaji siku ya korti. Mkijaza moshi humo litasukumwa nje na hakuna hakimu wa kulisikia."

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Kwa ramani yako andika limejaa. Basi. Uniahidi mbele ya Mungu wako, si mbele ya kampuni iliyokutuma."

Hared aliahidi. Usiku huo hakula, na neno hilo akaliandika kwa wino.

Bwana Kiema, msimamizi wake, alifika kutoka Nairobi na gari la pili. Alisoma ramani akiwa amesimama.

"Limejaa. Mawe yote yamejaa kitu, Hared. Kampuni haikuuliza kama yamejaa. Iliuliza kama yanaweza kushindiliwa. Futa neno moja, uendelee na kazi."

Alimpa wembe wa kukwangulia wino. Hared aliurudisha.

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Kikongwe wa mbaazi? Hii ndiyo shida ya kuwapa kazi watu wa ngamia. Rudi kwenu ukawasomee hao mawe."

Hared alikuwa na jibu. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini dada yake Sahara alikuwa ameomba kazi katika ofisi hiyohiyo, na maombi yalikuwa mezani kwa Kiema. Alilimeza.

Kiema alichora ramani nyingine papo hapo, juu ya boneti ya gari, na penye lile neno akaandika "wazi". Mashine zingekuja baada ya mvua. Mulei alipewa chai. Kesi ya Kitui iliahirishwa tena, hakimu akiwa amehamishiwa mji wa Wote.

Hared alipita kwa Syombua akiwa na mkoba begani, akasimama mlangoni pa ua. Syombua alimtazama koo, akaweka ungo chini.

"Kichuguu cha nyuma ya choo kina nafasi kidogo," alisema. "Usirefushe."

Kijana alipiga magoti na kusema kwa Kisomali, mdomo ukiwa tunduni. Alipoinua kichwa, Syombua alikuwa akimngoja na jiwe mkononi.