Almasi Kumi na Mbili

Siku niliyostaafu kazi katika kiwanda cha sabuni, baada ya miaka thelathini na moja ya kufungasha miche, nilipewa saa ya mkononi. Rangi ya dhahabu, na vijiwe kumi na viwili vinavyometameta kuzunguka uso wake. Karani aliyenikabidhi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, usinawe nayo, rangi itatoka."

Nilipofika nyumbani nikatia chumvi kidogo. Nikasema ni dhahabu tupu na almasi, kwamba meneja alilia kwikwi akiniaga, na kwamba nimesindikizwa na askari wawili, mmoja kalala juu ya paa la gari. Watu wakacheka. Nilidhani wamecheka wote.

Dada yangu mkubwa hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Aliishika ile saa akavipapasa vijiwe kimoja kimoja mpaka akamaliza kumi na viwili.

Miaka miwili baadaye nilimkuta ukumbini kwake anachambua mchele kwa vidole. Nilijua jina lake limo kwenye orodha ya upasuaji wa macho wa bure, nikamuuliza siku yake ni lini.

"Ilikuwa juzi. Nafasi nimempa jirani yangu, yule fundi cherehani."

"Umempa? Kwa nini, dada?"

"Yule hana mtu. Mimi nina ndugu anatembea na almasi mkononi, niende kubanana na wasio na kitu? Ng'oa moja tu tuiuze nitibiwe, mdogo wangu. Kumi na moja zinakutosha kuringia."

Nimetunga mengi maishani. Kuna mtaa mzima unaoamini niliwahi kumwogesha tembo kwa mche mmoja wa sabuni na povu likabaki la kufulia mapazia. Siku ile niliacha kutunga. Nikakaa mkekani, nikamwambia ni vioo. Dhahabu ni ya kupaka, na ukingoni imeshachubuka.

Akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Na wale askari?"

"Hawakuwapo."

"Meneja je? Hakulia?"

"Hata kuja hakuja."

"Haya," akasema. "Niletee sufuria."

Afadhali angenitukana.

Kesho yake tulikwenda kliniki. Karani wa pale akatuambia orodha imejaa mpaka mwakani, ila mtu asipotokea siku yake, aliyetangulia kufika kwenye benchi ndiye anayeingia. Basi tukawa watu wa benchi. Kila asubuhi namshika mkono, tunakwenda hatua kwa hatua, tunakaa mpaka mlango ufungwe, tunarudi. Mgongo wangu ukageuka ubao. Nikijaribu kumpunguzia muda kwa kisa, ananikata: "Niambie kilichopo tu."

"Watu kumi na wanne. Feni haizunguki."

"Endelea."

Siku ya tisa muuguzi akachungulia. "Mmoja hajafika leo. Nani wa kwanza hapa?"

Dada akanibana mkono. Upande wangu wa pili kulikuwa na mzee mmoja amesinzia mdomo wazi, na yeye ndiye tuliyemkuta tulipofika. Wengine walikuwa wameinamia simu zao. Ningesema "sisi," hakuna ambaye angebisha. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kope, na uongo haujawahi kunipa tabu.

Nikamtikisa yule mzee bega. "Mzee mwenzangu, amka. Unaitwa wewe."

Dada akanigeukia. "Huyo mtu yupo kweli?"

"Yupo. Amevaa sweta ya bluu. Kiatu kimoja hakina kamba."

Dada aligeuza sikio upande wa mlango, akazisikiliza hatua za yule mzee, moja inakanyaga, nyingine inaburuta, mpaka zikaingia ndani na mlango ukafungwa.

"Kesho tuwahi zaidi," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.