Siku Niliyomsemesha Vasemaca

Nilimsemesha dada yangu kazini, mchana kweupe, mbele ya watu, naye akanijibu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri au vibaya.

Vasemaca ni binti wa baba yangu mdogo, kwa hiyo ni dada yangu kabisa. Upande wetu huu wa kisiwa cha Vanua Levu, kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima. Akiingia mlango huu, mimi natokea ule. Tuliishi hivyo miaka mingi bila tabu yoyote, mpaka ofisi ya maji ilipomleta kijijini kuwa mhandisi wa tangi jipya, na msimamizi wa mafundi ni mimi.

Mimi shule niliiacha mapema. Yeye alikwenda kusoma Suva, mji mkuu, kisha Nyuzilandi, akarudi na kofia nyeupe ya plastiki. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi ya kujenga huku kwetu. Wenzake wa kike pale ofisini walikuwa wanakaa mezani wakichora mabomba ambayo wanaume wataenda kuyafukia. Bosi wao alimwambia waziwazi: tangi hili likienda sawa, maji ya pwani yote utayasimamia wewe, likikwama, unarudi mezani. Kijiji kizima kilijua hayo, maana dereva wa ofisi, Muneshwar, hana siri.

Sasa tutasemezana vipi? Kupitia Sikeli. Sikeli ni mtoto wa shangazi yetu, na mtoto wa shangazi ni mtani. Anaweza kumwambia Vasemaca lolote, na mimi pia lolote. Mafundi wengine wote walikuwa kaka zake kama mimi. Na ukisema simu, kumwandikia ni kumsemesha vilevile.

Ila Sikeli hajawahi kufikisha neno bila kulitia utani. Siku za mwanzo alituambia, "Mhandisi anasema hakuna kuingia ndani ya tangi na viatu. Mtachafua maji ya watu." Tukafanya kazi pekupeku tangu asubuhi, tukikanyaga kokoto, mpaka Vasemaca alipopita. Akaangalia miguu yetu, akamwangalia Sikeli, akajifunika uso kwa ile kofia yake.

Dari la zege tulilimwaga vizuri. Chini yake tuliacha mirunda, miti ya kutegemeza, imelishikilia mpaka likauke. Wiki iliyofuata likaja lori la ofisi kuchukua mirunda ile ile, ikatumike kwenye tangi la shule ya kijiji cha pili. Vasemaca alikuwa ameshapanda gari la ofisi kwenda mjini Labasa, ila lilikuwa halijaondoka. Sikeli akanijia mbio.

"Bwana mkubwa, dada yako anasema ukitoa mrunda hata mmoja kabla ya wiki mbili kwisha, atakuzika humo humo na zege juu."

"Kasema yeye, au umesema wewe?"

"Naapa kwa mama."

"Hata vile viatu uliapa kwa mama."

"Mama yangu ana afya. Anastahimili."

Nikasimama pale na nyundo mkononi. Nilishawahi kutoa mirunda ndani ya wiki moja kwenye kazi nyingine na hakuna kilichoanguka. Lakini dari hili lilikuwa pana kuliko yote niliyowahi kumwaga. Lori likirudi tupu kwa ajili ya mzaha wa Sikeli, ofisi itasema mhandisi mwanamke anachelewesha kazi. Nikitoa, na neno likawa la kweli, dari litaanguka na jina litakaloanguka nalo ni lake.

"Rudi ukamuulize," nikamwambia. "Na usicheke."

Alicheka kabla hajafika. "Vase! Mzee wako wa mirunda anauliza, atoe, au amsubiri mwenye kichwa kikubwa kama chako aje alishike dari?"

Vasemaca akatoa kichwa dirishani, naye anacheka. "Mwambie atoe! Akusimamishe wewe mahali pa mirunda!"

Muneshwar akawasha gari. Sikeli akarudi polepole, cheko limemwisha.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Umemsikia."

"Nimemsikia. Amemaanisha nini?"

"Sasa hata mimi sijui."

Dereva wa lori akapiga honi. Nikaweka nyundo chini, nikaenda mpaka kwenye dirisha la gari. Nyuma yangu makoleo yalinyamaza.

"Vasemaca," nikasema. Jina hilo sikuwa nimelitamka mbele yake tangu tukiwa watoto. "Mirunda. Nitoe au nisubiri?"

Akaacha kucheka hapo hapo. Akainamia magoti yake. Muneshwar alitutazama kama mtu anayengoja maneno zaidi.

"Subiri," akasema kwa sauti ndogo. "Wiki mbili kamili. Zege bado changa." Kisha akamwambia Muneshwar, "Twende. Twende."

Lori likarudi tupu.

Baba mdogo alikuwa ameshapata habari kabla sijanawa mikono. Nilikwenda kwake kuomba radhi kama inavyotakiwa, nikapiga magoti kwenye mkeka.

"Kwa hiyo dari lingeanguka?" akaniuliza.

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Labda lisingeanguka."

"Basi ulimsemesha kwa ajili ya nini?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu, kutoka nyuma ya pazia. "Angenyamaza, mngesema mhandisi gani huyu hajibu. Kajibu, mnasema dada gani huyu. Mumtafutie na kazi ya ububu."

Tangi lilijaa na halikuvuja. Vasemaca akapewa maji ya pwani yote. Mafundi wote akawachukua, isipokuwa mimi. Sikeli ndiye aliyeniletea habari.

"Anataka msimamizi asiye kaka yake," akasema.

"Ni hasira, au ni heshima?"

"Sikuuliza."

"Alikuwa anacheka?"

"Bwana mkubwa, siku hizi hanichekei. Sijui."

Basi gharama za kumsemesha ni hizi. Jino moja la nyangumi, lililokuwa la babu, nilimpa baba mdogo la kuombea radhi. Fungu la mizizi ya yaqona, ya kinywaji cha wazee. Mikeka miwili mipya ya mke wangu, ambayo hajaacha kuitaja. Watoto wa shule ya kijiji cha pili walikunywa maji ya mto wiki moja zaidi. Usimamizi wa mafundi wa pwani nzima alipewa mtu wa Labasa. Na kabla ya siku ile, kila Jumapili, Vasemaca alikuwa akinitumia bakuli la majimbi ya tui. Bakuli hilo sijaliona tena, na hizi ni Jumapili nane.