Shimo Lenye Umbo la Nyota

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, kulikucha kwa manyunyu mepesi, jua likichungulia na kujificha kama mtoto anayecheza kibe. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kusali, yuko mbele ya mashine yake, lakini moyo haukutulia. Jioni hiyo angesimama ubaoni kwa mara ya tatu. Mara mbili swali lilelile la hesabu lilikuwa limemgaragaza, na mwalimu wa masomo ya jioni alikwisha kusema: atakayeshindwa safari hii hatiliwi saini fomu ya mtihani, asubiri mwakani. Mwanafunzi wa miaka hamsini na sita hauchezei mwaka.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Fomula inachukua duara na kupeleka kila nukta yake mahali pengine, ila ile ya katikati haikamatiki: inapaa hadi kusiko na mwisho. Duara linatanda, linaijaza dunia yote, na kubakiza shimo moja tu. Thibitisha kwamba shimo hilo lina umbo la nyota, yaani aliyesimama katikati yake anauona ukingo wote bila kuzibwa na kitu. Kipimo chake walifundishwa: ufuate ukingo kwa kidole ukiwa hapo katikati, kidole kisonge mbele tu, kisirudi nyuma hata mara moja. Kila alipokokotoa, badala ya chanya alipata hasi. Hasi huku, hasi kule. Kidole kilikuwa kinarudi nyuma mzunguko mzima.

"Dada, unashona au unaota?" mdogo wake aliuliza kutoka meza ya kukatia.

"Nashona na kuomba."

"Basi omba shingo ya joho isipinde. Kwaya wanakuja saa sita."

Lilikuwa joho la mviringo, limetandazwa kama sahani, na tundu la shingo katikati. Pindo la nje alikwisha kulimaliza. Akaanza shingo, kitambaa chote kikiwa kushoto kwa sindano, kama alivyofundishwa na mama yao na kama alivyoshona miaka thelathini. Joho likaanza kuzunguka chini ya mkono wake. Akakunja uso. Akaondoa mguu kwenye kikanyagio.

Kwenye pindo, joho lilikuwa limezunguka upande mwingine.

Alilitazama kama aliyekutana na mtu anayemfahamu katika mji wa ugenini. Nguo ile ile, mkono ule ule, kitambaa kushoto vile vile. Ila ukizunguka shimo badala ya nguo, safari inageuka. Kidole cha lile swali hakikuwa kinarudi nyuma. Kilikuwa kinasonga, bila kusita, kwa njia ya shimo! Yeye alikuwa amelipima tundu kwa kanuni ya kitambaa.

"Ee Mola wangu!" Aliruka hata kiti kikaanguka.

"Umejichoma?"

"Sijajichoma! Hasi iwekwe mwanzoni! Mwanzoni, mdogo wangu!"

"Mimi nilidhani hesabu zinatuliza watu," mdogo wake alisema, akiinua kiti.

Jioni alifika darasani na joho begani. Kwaya walikuwa wamekubali kulisubiri hadi kesho yake.

"Mama Sindano, leo unatushonea?" alitania mchomeleaji vyuma aliyekaa dawati la mbele.

"Wewe nitakushona mdomo. Nipishe."

Akaandika fomula: moja gawanya kwa z, ongeza nusu ya z. Akachora shimo lake, duaradufu nyembamba iliyolala. Kisha akaweka alama ya hasi mbele ya kipimo. Mstari baada ya mstari, kila kilichokuwa hasi kikatoka chanya.

Mwalimu alivua miwani. "Hiyo hasi umeitoa kitabu gani?"

"Shingoni, Mwalimu." Akatandaza joho mezani, akapitisha kidole kwenye pindo, kisha kwenye tundu. Darasa zima likainuka kuchungulia. Mchomeleaji akajaribu kwa kidole chake mwenyewe, mara mbili, akasahau kutania.

Mwalimu alitia saini fomu. Alipomrudishia, macho yalikuwa yanamcheka. "Sasa badala ya z ya pili weka z kipeo cha tatu. Nusu ile ile. Shimo bado ni nyota?"

Alitazama ubao. Ndani ya kichwa chake ukingo ulianza kuzunguka, ukafika mahali, ukasita. Au yeye ndiye aliyesita? Na kipeo cha nne je? Na cha mia? Kwa kila kimoja palikuwa na mpaka wa ile nusu, ambao ukivukwa shimo si nyota tena, na hakuna aliyemwambia ulipo. Alitamani kuanza kukokotoa papo hapo.

"Sijui," alisema, na neno hilo halikuwahi kuwa tamu hivyo kinywani mwake. Akawageukia wenzake, chaki ingali mkononi.

"Ndugu zangu, nyinyi ni mashahidi, na Mungu ananisikia. Nitautafuta mpaka wa kila kipeo, na siachi mpaka nisimame hapa hapa niwaonyeshe."