Mifupa Midogo ya Chérie

Musiniambie makaburi ya kampuni ni ya watu wote. Uongo mutupu! Juu, penye kivuli, wamelala Wazungu ndani ya simenti. Katikati ni makarani: matofali na musalaba. Chini kwenye matope njo sisi, watu wa machimbo: kijiti na namba. Baba yangu alizikwa na namba yake ya kazi, hata jina hakupewa.

Wakati wa vita, Chérie wangu alikufa kwa surua. Alikuwa na miaka saba. Kule chini askari walipiga risasi kila aliyetokea, na mbwa walifukua maiti. Nikamuangukia Roger, mulinzi wa makaburi: "Kaka, mbwa wasinilie mutoto." Tukasukuma jiwe la Muzungu mumoja, tukamulaza binti yangu pembeni ya yule bwana, tukafunga. Roger akaniapisha nisiseme. Kuvunja kaburi la Muzungu ni prizo, unafungwa, vita ama hapana vita.

Nikanyamaza miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa nafyeka majani pale, watu wananicheka: "Marceline, kwani huyo Muzungu alikuwa bwana yako?" Wacheke tu, wapumbavu.

Mwezi uliopita, mujukuu mwanamuke wa yule Muzungu akafika kutoka Ulaya na barua za serikali, kuchukua mifupa ya babu yake. Niliposikia, nilikimbia bila viatu. Nikakuta kaburi liko wazi na mifupa yote iko ndani ya sanduku moja jipya, mikubwa na midogo. Yule mwanamuke alikuwa analilia ile midogo. Alidhani ni mutoto wa ukoo wao.

"Huyo ni wangu!" nikapiga kelele. "Roger, mwambie! Wanipe mutoto wangu, nitamuzika hata kule kwenye matope!"

Mimi Kifaransa sikijui. Roger akaongea, macho chini. Yule mwanamuke akanikumbatia kwa nguvu.

"Merci, mama. Merci."

Hiyo hata mimi naijua: asante.

"Roger, umemwambia nini?"

"Nimesema wewe njo unafyekaga kaburi la babu yake. Unisamehe, dada. Niko na watoto sita."

Wakapigilia misumari. Nilishika sanduku, polisi wakaniondoa mikono. Motoka ikawaka. Nikaifuata mbio, nalia: "Chérie! Chérie wangu!"

Yule mwanamuke akageuka dirishani, akanipungia mukono, anatabasamu na machozi. Kwao neno hilo ni mpenzi. Alidhani namuita yeye.