Kwaresima ya Papa Katekista

Kwaresima ilipoingia kijijini Karuba mwaka wa hamsini na nane, katekista Polycarpe, ambaye waumini walimwita Papa, yaani baba, alitangaza mfungo kwa sauti ya kuamsha ng'ombe wa kilima cha pili. Kitambi chake kilikuwa kimeshamtangulia kufika altareni. Kisha maneno yake yakawageukia Wangwana, yaani Waislamu, maana mwezi wao wa Ramadhani uliangukia humo humo.

"Bale banafunga ya uongo," alisema. "Usiku banakula kama fisi!"

Kanisa zima likacheka. Mama mmoja mfugaji, Kamaliza, alicheka kuliko wote, kwani alikuwa na kitoto cha kubatizwa siku ya Pasaka, na wa kusema nani abatizwe alikuwa Polycarpe huyo huyo.

Mngwana wa Karuba alikuwa mmoja tu, Rajabu, fundi cherehani kutoka Kasongo. Kamaliza alikuwa akimuuzia maziwa. Mchana mmoja alimpelekea ya ng'ombe aliyezaa juzi juzi, akamwambia aonje. Rajabu akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa.

Kwa wafugaji, kukataa maziwa mbele ya mwenye ng'ombe ni matusi, tena kwa wawili: yeye na ng'ombe wake. Kamaliza akawaka.

"Ng'ombe yangu iko na ugonjwa?"

"Hapana, Mama. Niko nafunga. Jua likizama, ndo nitakunywa."

Haya, tutaona, Kamaliza akajisemea. Akajibwaga kwenye benchi, haondoki, amkamate leo leo mnafiki huyu akiiba funda. Rajabu akaendelea kushona suruali ya watu. Midomo ilikuwa imemkauka, maziwa yako mbele ya pua yake, nzi wanayazunguka. Hakulalamika wala hakujisifu. Hilo ndilo lililomuudhi Kamaliza zaidi: mtu gani huyu anafunga bila kuwapigia watu kelele?

Jua likazama. Rajabu akanawa, akasema dua yake polepole, akanywa nusu, nusu akamsogezea mgeni wake.

"Kunywa, Mama. Na wewe umeshinda hapa."

Kamaliza akanywa. Alirudi nyumbani amekasirika, kwa sababu alikuwa amempenda mtu aliyekwenda kumcheka.

Kesho yake Polycarpe akamwita. Kamaliza alimkuta kivulini, amepakata kibuyu cha maziwa. Kibuyu chenyewe kilikuwa cha Kamaliza. Alikipeleka pale kila asubuhi tangu ajifungue, ili jina la mtoto lisisahauliwe.

"Ulikaa kwa ule Mungwana mpaka magaribi," Polycarpe alisema. "Ukirudia tena, mutoto wako hatabatizwa Pasaka." Akapiga funda refu.

"Papa Katekista, leo si Ijumaa ya kufunga?"

"Maziwa si chakula," akajibu, akijifuta sharubu.

Kamaliza mwenyewe alikuwa akisema hivyo maisha yake yote. Huko kwao mtu anaweza kumaliza kibuyu kizima na kuapa kwamba hajatia kitu mdomoni, na hakuna atakayembishia. Lakini jana alimwona mtu akiyatazama maziwa yale yale mchana kutwa bila kuyagusa, na leo maneno yale yalimchefua. Akanyoosha mkono, akakichukua kibuyu chake kutoka mapajani mwa katekista.

"Kama si chakula, Papa, hautakufa njaa."

Akashika njia. Alijua ubatizo wa mwanawe ameutupa kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa hata amevuka ua, akasikia nyayo nzito zikimfuata na mtu anahema.

"Mama Kamaliza! Leta mutoto! Atabatizwa, nakuambia, atabatizwa! Rudisha tu kile kibuyu!"

Kamaliza hakugeuka. Alichokitaka alikuwa amekipata, lakini machozi ya hasira yalikuwa yakimtoka. Miezi yote hiyo alimwogopa mtu huyu, akiamini kwamba ameshika funguo za mbinguni, kumbe alichokuwa ameshika ni kibuyu.