Sauti Nyuma ya Pazia

Tausi hakuwahi kuimba, na hilo lijulikane mapema. Kucheza alijua, tena sana. Akiingia mbele ya kamera na kanga zake mbili kiunoni, hata mafundi wa taa walisahau kazi. Lakini sauti Mungu hakumpa. Akijaribu kuimba jikoni, mumewe marehemu alikuwa akimwomba kwa heshima aache.

Aliyeimba ni Sabiha. Mwaka wa tisini na nane kikundi chao cha maigizo cha Ngamiani, Tanga, kiliitwa Dar es Salaam kurekodi "Furaha ya Idi", kipindi maalumu cha televisheni cha saa nzima, chenye vichekesho na waigizaji wa kike wanaoimba na kucheza kwa nguo za kumeremeta. Wakati huo Sabiha alikuwa ameshachumbiwa na ukoo wa masheikh wa Pangani. Uso wake ungeonekana mle, posa ingevunjika siku hiyo hiyo. Basi mashoga wawili wakapanga lao. Sabiha akakaa nyuma ya pazia na maikrofoni, Tausi akatoka mbele, akacheza na kufuatisha midomo. Idi tatu walifanya hivyo. Siri waliijua wao wawili na mpiga picha wao, Rafaeli, basi.

Watu wakasema Tanga imetoa mwimbaji. Sabiha akaolewa, akazaa, akaacha kuimba kabisa, hata kumbembeleza mtoto kwa wimbo hataki. Tausi akabaki na sifa zisizo zake, akazizoea. Zilipokwisha, maana nazo huisha, akawa muuza vitumbua wa barabara ya kumi na mbili, na wajukuu wakicheka kila alipowaambia kwamba bibi yao alikuwa kwenye televisheni.

Mwezi wa Rajabu mwaka huu Sabiha alikuwa kitandani, saratani imemmaliza, kabaki mifupa na macho. Alimtuma bintiye Najat akapashe uji, kisha akamshika Tausi mkono.

"Ile kanda iliyobaki kwa Rafaeli uifute, shoga yangu," alisema. "Kila itakapopigwa nami niko kaburini, mzigo wa dhambi utanifuata. Wewe u hai, utatubu. Mimi nitatubu kwa ulimi gani?"

Tausi alisema ataifuta. Sabiha akamwambia aape. Akaapa, wallahi, mara tatu, na machozi yanamtoka, na wakati ule alikuwa akisema kweli.

Sabiha alifariki siku ya nne. Tausi alikusudia kwenda Muheza kwa Rafaeli matanga yakianuliwa. Yakaanuliwa, mguu ukamuuma. Mguu ukapoa, kukawa na mvua. Mwanadamu akitaka kuchelewa hakosi sababu, na Tausi alikuwa nazo tele. Ramadhani ikaingia kanda ingali Muheza.

Katikati ya mfungo simu ikalia. Ni mtayarishaji wa vipindi kutoka Dar, binti mmoja aitwaye Precious, mpole, mwenye adabu zake. Alieleza kwamba kituo kinataka kuvirudisha vipindi vya zamani, na Idi Pili kingependa kumuenzi mwimbaji wa Tanga. Taabu ni kwamba kanda zao zote zilikuja kurekodiwa mechi za mpira juu yake, vipindi vikafutika. Je, mama ana nakala?

Tausi angesema hana, yangeisha. Neno moja tu. Lakini miaka ishirini na ushei hakuna aliyempigia kumwita mwimbaji.

"Namjua mwenye nayo," alisema.

Alipokata simu aliona aibu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kama aliyepigwa. Kisha, taratibu, akaanza kujitetea. Uso wa Sabiha haumo. Jina lake halikuandikwa popote. Nani atajua? Kana kwamba malaika wanangoja kusoma majina mwisho wa kipindi! Lakini mtu akishataka jambo, akili huwa mtumishi wake, na kesho yake asubuhi Tausi alikuwa ndani ya basi la Muheza.

Rafaeli alimpokea vizuri. Alisikitika sana kwa habari za msiba, akamuuliza swali moja tu: Sabiha aliridhia? Alikumbuka mwenyewe jinsi yule mwanamke alivyoogopa kujulikana. Tausi akamtazama mzee wa watu usoni, akasema aliridhia. Alimsingizia maiti mchana, na saumu mdomoni. Rafaeli akaitoa kanda kabatini, akaipangusa vumbi kwa shati lake.

Idi Pili alasiri sebule ya Tausi ilijaa majirani hadi barazani. Kipindi kikaanza, na yule pale, Tausi wa miaka ishirini na minne, anazunguka kwa gauni la dhahabu. Wajukuu walitazama kioo, wakamtazama bibi yao, wakatazama kioo tena. Wanawake wakapiga vigelegele. Tausi alifurahi, tusimsingizie na yeye. Alifurahi hasa.

Ndipo sauti ikaingia. Sabiha alikuwa na namna yake ya kuuvuta mwisho wa mstari, halafu kuukata ghafla kama mtu aliyeitwa. Tausi aliisikia. Akainama, akawa anatazama mkeka mpaka wimbo ukaisha.

Siku tatu baadaye Najat alikuja, amekonda, macho mekundu, lakini uso una nuru kidogo. Alisema shikamoo Mama Mkubwa, akaitikiwa marahaba, akakaa chini karibu na miguu ya Tausi kama alivyozoea tangu mdogo. Akaeleza kwamba tangu mama yake azikwe hajapata usingizi wa maana. Mama hakuacha hata ujumbe wa sauti, alikuwa hataki kabisa kurekodiwa. Lakini juzi kwenye televisheni alimsikia Mama Mkubwa akiimba, na haki ya Mungu, ile sauti ni kama mama akiwaamsha kula daku. Akairekodi kwa simu. Akamtumia kaka yake Kombo aliyeko Mombasa. Anaisikiliza akipika, akifua, akilala. Ameiweka hata iwe mlio wa simu yake.

"Nimekuja kukuomba uniimbie, Mama Mkubwa," alisema. "Kidogo tu, nikiwa karibu hivi."

Tausi alisema koo limeharibika, uzee. Najat akasema hata kwa kunong'ona. Akaweka kichwa mapajani mwake, akafumba macho, akangoja.

Tausi alifungua mdomo. Alikuwa hodari wa kufungua mdomo, lakini safari hii nyuma hapakuwa na mtu. Alikiangalia kile kichwa mapajani mwake, akajichukia.

"Si mimi, Najat. Ni mama yako."

Akamweleza yote: pazia, uchumba, kitanda, kiapo, uongo wa Muheza. Hakujipunguzia kitu. Najat aliinuka polepole, akakaa wima.

"Nimeipiga mara ngapi?" alisema, akijiuliza mwenyewe. "Kila simu ikiita. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Alilia. Kisha akatoa simu, akaomba aisikie mara moja, sasa kwa kuwa anajua ni nani. Mara moja tu, halafu ataifuta.

Moyo wa Tausi uliuma. Mara moja ni nini, na mji mzima unayo? Lakini hili ndilo pekee lililokuwa limebaki mikononi mwake.

"Hapana," alisema. "Niliapa."

Najat alimtazama. "Leo ndiyo umekumbuka?"

Hata hivyo hakubisha. Alimpa simu, na kwa kuwa Tausi hakujua mambo ya simu zile, akamwonyesha pa kubonyeza. Tausi akabonyeza. Ikafutika mara moja, haikuchukua hata muda wa kushusha pumzi.

Najat akapangusa uso, akampigia Kombo amwambie naye afute. Simu ikapokewa, na sauti ya Kombo ikatoka kubwa kutoka dukani kwake, haloo, haloo, mbona huongei, mdogo wangu? Nyuma yake, kwa redio ya duka alimoitia ile rekodi, Sabiha alikuwa anaimba.

Najat aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, na Tausi, aliyekuwa ameapa, hakumwambia akate.