Bendera ya Ntate Sekake

Ntate Sekake hanunui kitu ambacho mikono yake inaweza kutengeneza. Hata chupi zake anashona mwenyewe kwa magunia meupe ya unga. Kamba ya kuanikia nayo aliiona anasa, basi Jumamosi akatundika chupi moja juu ya ufito mrefu langoni. Na sisi Basotho tukiona kitambaa cheupe langoni, tunajua humo mna pombe ya kuuza. Tukaingia, tukakaa, tukadai makopo.

“Nendeni zenu. Ile ni chupi yangu.”

“Ntate, hatujauliza ni ya nani,” nikamjibu. “Tunataka pombe.”

Mkewe, Puseletso, alicheka mpaka akakaa chini.

“Mtama tunalima, chungu nimefinyanga, bendera umeshona mwenyewe,” akamwambia mumewe. Kisha akatugeukia. “Rudini Jumatano. Na wewe, Ntate, ile usiivae tena.”